Frederick McKinley Jones: Fundi aliyeyapa malori baridi, na swali la nani hulipwa nini

Maua yanayokatwa alfajiri kandokando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, na minofu ya sangara inayotoka katika viwanda vya samaki vya Mwanza, Kisumu na Entebbe, husafiri ndani ya malori yenye mtambo wa kupoza uliofungwa mbele ya sanduku la mizigo. Mtambo huo hunguruma hata lori likiwa limesimama kwenye foleni ya mpakani. Ukizimika kwa saa chache katika jua la mchana, mzigo hugeuka hasara, na swali la kwanza linaloulizwa ni nani atakayeilipa.

Swali hilohilo ndilo lililouzaa mtambo wenyewe. Mwaka 1938, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, shehena ya kuku iliyoharibika njiani ilimfanya mwenye malori mmoja alalamike mbele ya rafiki zake, na malalamiko hayo yakamfikia fundi mweusi ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. Fundi huyo alikuwa Frederick McKinley Jones. Alipata dawa ya hasara ile, na kazi yake ikabadilisha namna chakula kinavyosafirishwa duniani. Lakini faida iliyotokana na baridi ile iligawanywa na wengine, kwa mikataba na kwa sheria, na mgawanyo huo ungali ukizozaniwa hadi leo katika kila barabara inayopita malori ya aina hiyo.

Yatima wa gereji

Jones alizaliwa tarehe 17 Mei 1893 katika eneo la Cincinnati, kando ya mto Ohio. Baba yake alikuwa Mzungu, mfanyakazi wa reli, na mama yake alikuwa mwanamke mweusi ambaye hakuwapo katika maisha yake tangu angali mdogo. Alipofika umri wa miaka 7 hivi, baba yake alimkabidhi kwa padri wa Kikatoliki ng'ambo ya mto, katika mji wa Covington, jimbo la Kentucky, ili apate malezi na shule. Miaka miwili baadaye baba naye akafariki dunia.

Mtoto huyo alipewa chakula, mahali pa kulala na kazi za nyumbani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vyuma. Baada ya darasa la sita aliacha shule, na akiwa na umri wa miaka 11 alirejea Cincinnati, akapata kazi ya kufagia gereji. Magari yalikuwa bado kitu kigeni, na waliojua kuyatengeneza walikuwa wachache. Kijana aliyekuwa akifagia alianza kuwatazama mafundi, kisha kuwasaidia, na kabla hajatimiza miaka 15 alikuwa tayari akihesabiwa kuwa fundi.

Mwaka 1912 alielekea kaskazini, mpaka Hallock, mji mdogo wa Minnesota ulio karibu na mpaka wa Kanada. Huko aliajiriwa kutengeneza mitambo ya shamba kubwa la nafaka. Majira ya baridi katika eneo hilo ni marefu na makali, kazi za shambani husimama, na Jones aliutumia muda huo kusoma peke yake vitabu vya umeme na uhandisi. Hakupata mwalimu wala cheti.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoihusisha Marekani, aliingia jeshini na kupelekwa Ufaransa. Huko alipata cheo cha sajenti na kupewa kazi ya kuweka nyaya za umeme, simu na telegrafu. Alirejea Hallock mwaka 1919, akaendelea kubuni vitu ambavyo mji uliokuwa mbali na viwanda ulivihitaji. Alijenga mtambo wa kurushia matangazo wa kituo cha redio cha mji huo. Alimtengenezea daktari wa hapo mashine ya eksirei inayoweza kuhamishwa. Mashine hiyo hakuisajili, na hakupata malipo yoyote ya haki ya ubunifu. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza juu ya tofauti iliyopo kati ya kubuni kitu na kukimiliki.

Filamu zenye sauti zilipoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1920, mwenye jumba la sinema la Hallock hakumudu bei ya vifaa vipya. Jones alimtengenezea vyake kwa kuokoteza vyuma na vipuri vilivyotupwa. Habari za kazi hiyo zilifika Minneapolis, kwa mfanyabiashara Joseph Numero, ambaye kampuni yake iliuza vifaa vya sauti kwa majumba ya sinema. Kufikia mwaka 1930 Jones alikuwa amehamia Minneapolis na kufanya kazi kwa Numero. Hapo alibuni pia mashine ya kutolea tiketi za sinema. Hataza ya mashine hiyo ilitolewa mwaka 1939, na haki zake zikauzwa kwa kampuni kubwa ya RCA.

Kuku walioharibika

Simulizi ya mwaka 1938 hurudiwa katika kila maandiko juu ya Jones. Numero alikuwa uwanjani akicheza gofu pamoja na Harry Werner, mwenye kampuni ya malori, na mtu mwingine aliyekuwa katika biashara ya mitambo ya kupoza hewa. Werner alieleza kwamba amepoteza shehena nzima ya kuku kwa sababu safari ilichelewa na barafu ikayeyuka kabla ya lori kufika. Mazungumzo yakageuka utani, na Numero akajigamba kwamba yeye angeweza kutengeneza kitu cha kulipoza lori. Alikuwa anatania. Werner hakuichukulia kauli hiyo kama utani. Alinunua lori jipya na kulileta.

Jones aliingia ndani ya lori hilo, akapima, akapiga hesabu, na kusema kwamba kazi hiyo inawezekana.

Ili kuuelewa uzito wa jibu lake, yafaa kukumbuka jinsi mazao yalivyosafirishwa kabla yake. Baridi ilikuwa ya barafu. Lori au behewa lilijazwa mabonge ya barafu, mara nyingi yakichanganywa na chumvi, na barafu hiyo ilipaswa kununuliwa, kupakiwa na kuongezwa njiani. Ilichukua nafasi na uzito ambao ungeweza kubeba matunda au nyama. Kwa hiyo mwenye mzigo alilipia mara mbili: alilipia barafu yenyewe, kisha akapoteza nauli ya mahali ilipowekwa. Ilipoyeyuka, maji yake yaliharibu makasha.

Reli ilikuwa na nguvu zaidi katika mfumo huo. Kampuni ya Pacific Fruit Express, iliyoundwa mwaka 1906 na kampuni mbili kubwa za reli, ilikuwa na vituo vyake vya barafu kando ya njia ya kutoka California kwenda mashariki. Treni ilisimama, wafanyakazi wakajaza barafu upya, safari ikaendelea. Lori halikuwa na vituo vya namna hiyo. Mkulima wa mboga aliyetaka kuuza mbali alilazimika kuikubali nauli ya reli na ratiba yake.

Wahandisi wengine walikwisha kujaribu kufunga mashine za kupoza kwenye malori wakashindwa. Mashine zao zilikuwa kubwa, na mtikisiko wa barabara ulizilegeza mpaka zikavunjika. Jones, aliyekuwa amekulia kwenye gereji na aliyewahi kuunda magari ya mashindano, aliujua vizuri mtikisiko. Alibuni mtambo unaojitegemea, wenye injini yake, uliofungwa kwa namna ya kuhimili misukosuko ya safari. Toleo la kwanza lilikuwa zito na lilifungwa chini ya lori, ambako matope na vumbi viliusumbua. Baadaye akaupunguza uzito na kuuhamishia juu, mbele ya sanduku la mizigo. Mahali hapo ndipo ulipo mpaka leo.

Numero aliiuza biashara yake ya vifaa vya sinema kwa RCA, akaanzisha pamoja na Jones kampuni ya U.S. Thermo Control, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Thermo King. Kufikia mwaka 1949 biashara hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 3. Mwaka huohuo, tarehe 12 Julai, Jones alipewa mojawapo ya hataza zake mashuhuri zaidi za mtambo wa kupoza. Katika maisha yake alipata hataza 61, na takriban 40 kati ya hizo zilihusu upozaji.

Baridi ya vitani na baridi ya sokoni

Katika Vita Kuu ya Pili, mitambo ya Jones ilitumiwa na jeshi la Marekani kuhifadhi damu, dawa na chakula katika hospitali na kambi zilizokuwa mbali na umeme. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wahandisi wa upozaji cha Marekani, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuingia humo. Katika miaka ya 1950 alikuwa mshauri wa Wizara ya Ulinzi. Hayo yalitokea wakati majimbo ya kusini ya nchi hiyo yangali yakitenga kwa sheria shule, mabasi na hoteli kwa misingi ya rangi.

Baada ya vita, lori lenye baridi lilianza kuinyang'anya reli mizigo. Letusi iliyovunwa katika bonde la Salinas, California, iliweza kupakiwa shambani na kushushwa kwenye ghala la mnunuzi bila kusimama kuongezwa barafu. Sheria ya mwaka 1956 ya kujenga barabara kuu za kuunganisha majimbo iliufupisha mwendo huo zaidi. Wanunuzi wa miji ya mashariki walianza kula mboga mbichi katikati ya majira ya baridi, na bei yake ikawa ya kawaida.

Nauli isiyokuwa na bei rasmi

Mtambo wa Jones uliondoa gharama ya barafu na kupunguza hasara ya mazao kuoza. Nani alipaswa kubaki na fedha iliyookolewa hivyo? Jambo hilo halikuamuliwa katika karakana, bali Washington.

Sheria ya mwaka 1935 iliiweka biashara ya malori chini ya tume ya serikali iliyosimamia biashara kati ya majimbo. Kampuni zilihitaji leseni za njia, na nauli zao zilitangazwa na kufuatwa. Lakini sheria hiyo iliyaacha huru malori yanayobeba mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa. Bunge lilitaka kumsaidia mkulima apate usafiri wa bei nafuu. Matokeo yake ni kwamba nauli ya letusi, matikiti au machungwa haikuwa na kiwango rasmi. Ilipanda wakati wa mavuno, ikashuka mazao yalipopungua, na dalali aliyekaa na simu kati ya shamba na soko ndiye aliyeijua vizuri kuliko dereva.

Ilibishaniwa pia ni kitu gani hasa kihesabiwe kuwa zao la shamba. Mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kuku waliochinjwa na kunyonyolewa, wawe wabichi au wamegandishwa, wangali mazao, na hivyo wabebaji wake hawabanwi na nauli za tume. Kwa uamuzi huo, mzigo uleule uliokuwa umemtia Werner hasara ukaingia rasmi katika soko huria.

Upande wa ujira, mwaka 1938, mwaka uleule wa mchezo wa gofu, Bunge lilipitisha sheria ya kazi iliyoweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Madereva wa malori ya kati ya majimbo waliachwa nje ya kifungu cha saa za ziada, kwa hoja kwamba saa zao za kazi zinasimamiwa na tume. Msamaha huo ungalipo katika sheria. Chama cha Teamsters, chini ya Jimmy Hoffa, kilifanikiwa mwaka 1964 kupata mkataba mmoja wa kitaifa uliowapa mamia ya maelfu ya madereva wa mizigo ya kawaida mshahara mzuri. Wengi wa madereva wa mazao mabichi, waliokuwa wakiendesha malori yao wenyewe au kufanya kazi kwa wamiliki wadogo, walibaki nje ya mkataba huo.

Hivyo akiba iliyoletwa na baridi ilipita mikononi mwa wengi. Mlaji alipata bei ya chini, mwenye duka akapata bidhaa mwaka mzima, mkulima akapata soko la mbali. Dereva alipata mzigo mwingi zaidi, pamoja na gharama mpya.

Hesabu ya dereva

Gharama hizo zinafahamika kwa kila mwenye lori la baridi. Tela lenye kuta nene za kuzuia joto na mtambo wake ni zito na ghali kuliko tela la kawaida, na kila kilo ya uzito wake ni kilo isiyolipiwa nauli. Mtambo una tangi lake la dizeli. Kwa kawaida hutumia kati ya lita 2 na 4 kwa saa, kutegemea joto la nje na baridi inayotakiwa ndani. Tuseme safari ya kutoka Salinas hadi New York, ambayo ni takriban kilomita 4,800, imechukua siku 5, na mtambo ukatumia lita 3 kila saa. Hizo ni lita 360 zilizotumika kupoza tu, mbali na mafuta ya kulisukuma lori.

Kisha kuna mambo yasiyoonekana katika nauli. Mtambo umeundwa kuitunza baridi iliyokwishapatikana, si kuupoza mzigo uliopakiwa ukiwa na joto la shambani. Mazao yakipakiwa bila kupozwa kwanza, yataharibika njiani, na mpokeaji ataukataa mzigo mbele ya dereva. Kila zao nalo lina kipimo chake: letusi hutaka baridi iliyo karibu na sifuri, ilhali ndizi huharibika zikiwekwa chini ya nyuzi 13 hivi. Dereva anayelipwa kwa maili halipwi anaposubiri kupakia au kushusha, na ghala la mboga linaweza kumweka nusu siku. Katika saa hizo mtambo unaendelea kuchoma dizeli. Mara nyingi wapakuzi wa ghalani nao hulipwa na upande wa lori. Na akishashusha, humpasa kutafuta mzigo wa kurudi nao, kwa kuwa lori linalorudi tupu hula faida yote ya safari ya kwenda.

Mwaka 1980 sheria mpya iliondoa sehemu kubwa ya usimamizi wa nauli hata kwa mizigo ya kawaida. Ushindani uliongezeka, bei za usafirishaji zikashuka, na thamani halisi ya ujira wa madereva ikapungua katika miaka iliyofuata. Hali ambayo wabebaji wa mazao mabichi waliizoea tangu 1935 ikawa ya wote.

Madereva wa Afrika Mashariki wataitambua hesabu hiyo bila kuelezwa. Anayetoka Mombasa kupitia Malaba, au Dar es Salaam kupitia Rusumo, mara nyingi hulipwa kwa safari na kupewa posho ya njiani. Siku anazokaa mpakani zinaipunguza thamani ya malipo yaleyale, na akiwa amebeba mzigo wa baridi, kila saa ya foleni ina bei yake ya dizeli.

Mwaka wa mwisho

Jones alifariki dunia mjini Minneapolis tarehe 21 Februari 1961 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 67. Alimwacha mjane, Lucille, aliyemwoa mwaka 1946. Katika mwaka huohuo wa kifo chake, Thermo King iliuzwa kwa kampuni ya Westinghouse. Mwaka 1997 iliuzwa tena, kwa Ingersoll-Rand, kwa dola bilioni 2.56. Hataza humlinda mvumbuzi kwa muda maalumu tu, na biashara iliyojengwa juu yake inaweza kuendelea kukua muda mrefu baada ya jina lake kusahaulika.

Jina la Jones lilikaribia kusahaulika hivyo. Kwa miaka mingi watu walikula matunda ya mbali bila kulifahamu. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimtunuku yeye na Numero Nishani ya Taifa ya Teknolojia, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa, na wajane wao wakazipokea nishani hizo katika bustani ya Ikulu. Jones alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwaka 2007 aliingizwa katika ukumbi wa kitaifa wa wavumbuzi.

Mtoto aliyefagia gereji alitatua tatizo ambalo waliosoma kuliko yeye waliliona kuwa haliwezekani. Alithibitisha kwamba kuku, letusi na damu ya hospitali vinaweza kuvuka bara zima bila kuharibika. Sehemu iliyobaki ya kazi haikuwa ya mhandisi: kuandika mikataba inayolipia saa za kusubiri, kuweka wazi ni nani anayebeba hasara ya mzigo uliokataliwa, na kuhesabu dizeli ya mtambo ndani ya nauli badala ya kuitoa mfukoni mwa dereva. Hiyo ni kazi ya wabunge, vyama vya wafanyakazi na wenye mizigo, na haijakamilika, si Marekani wala katika nchi zetu.